Masale kwenye Mashine ya Chenji

Mimi nina hasira za karibu, na kila aliyewahi kufanya kazi na mimi analijua hilo. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kulinda mashine ya chenji pale Njoro, kwenye kituo cha kuoshea magari, ndugu zangu walicheka. Walisema mashine imepata mlinzi, ila wateja wamekwisha.

Kituo chenyewe kilikuwa kigeni kwa mji mzima. Bosi ni mfanyabiashara wa Moshi ambaye babu yake alitoka India, ila yeye mwenyewe hajawahi kuishi pengine. Alikwenda ng'ambo kumtembelea binti yake, akaona huko watu wanaosha magari wenyewe kwa mashine. Aliporudi akajenga mabanda manne yasiyo na mtu wa kuosha. Unaingiza gari lako, unatumbukiza sarafu ya mia tano kwenye kisanduku, unashika bunduki ya maji, unaosha. Dakika zikiisha maji yanakatika, hata kama una povu mpaka kwenye nyusi. Na kwa kuwa hakuna anayetembea na mfuko wa sarafu, pembeni ya geti aliweka mashine nyingine, ndefu kama kabati la nguo. Hiyo unailisha noti, inakutemea sarafu. Kila jioni sarafu zilizoingia kwenye mabanda zinatolewa, zinarudishwa kwenye kabati, kesho zinatoka tena. Zizunguke humo humo uani, ndio ulikuwa mpango.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha zinazunguka humo humo, na kazi hiyo ilikuja na chumba. Kilikuwa nyuma ya tangi la maji, na kilikuwa na kitanda, dirisha na bomba langu mwenyewe. Nieleze hapa maana ya chumba hicho ili yanayokuja yaeleweke. Nilitoka kwenye ndoa nikiwa na miaka arobaini na kitu, nikarudi Kibosho kwa kaka yangu. Kwetu kihamba, yaani shamba la ukoo na nyumba yake, ni cha mtoto wa kiume. Binti aliyerudi anakaribishwa, analishwa, halafu kila siku anakumbushwa bila kuambiwa neno. Wifi yangu alikuwa anahesabu vikombe nikishamaliza kunywa chai. Miaka miwili nililala kwenye stoo ya mahindi. Siku niliyokabidhiwa ufunguo wa chumba cha Njoro nilikaa kitandani nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Hatukumaliza mwezi kabla mashine haijaanza kukauka. Mji mzima una njaa ya hela ndogo, nadhani hilo bosi hakuliona huko ng'ambo. Makonda walikuja asubuhi kabla ya kuingia barabarani, kila mmoja na elfu kumi yake. Wenye maduka walikuja wakijidai wanapita tu. Bodaboda walikuja wawili wawili. Na Jumapili ndio usiseme. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, familia zilizovaa nguo za kanisani zilipanga foleni getini, mama mbele, watoto nyuma, noti mkononi.

"Mama, gari liko wapi?" niliwahi kumuuliza mmoja.

"Gari la nini tena? Nataka sadaka za watoto. Nina wanne, nimpe kila mtoto elfu moja?"

Nikamwambia mashine ni ya waosha magari. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Kwa hiyo unamzuilia Mungu chenji." Watoto wakaniangalia na wao. Nikasogea pembeni, akachukua sarafu zake akaenda zake. Hasira ilinikaba mpaka saa nne.

Mtu mwingine aliyechukua chenji tangu siku ya kwanza alikuwa mama wa ndizi. Huyu alikuwa na jiko lake la mkaa nje ya geti, anachoma ndizi, anauza na chumvi na pilipili. Alikuwa na miaka sabini hivi. Kila asubuhi alishuka na ndizi zake kutoka Kibosho, juu kidogo ya kwa kaka yangu, na kila jioni akapanda. Wiki yangu ya kwanza, kabla sijanunua hata sufuria, ndiye aliyenilisha. Nilimwamkia "Shikamoo mama," akaitika "Marahaba mwanangu," halafu akanipa ndizi mbili kwenye kipande cha gazeti na akakataa kulipwa. Sasa mtu kama huyo akija na elfu mbili yake anataka chenji ya wateja, utamfokea? Nilijifanya natazama tangi la maji.

Bosi hakujifanya anatazama tangi. Sarafu zilipoisha mara ya tatu, na watu wameondoka na magari yao machafu huku wanatukana, aliniita pembeni. Ni mtu mpole, anaongea Kichagga kuliko hata watoto wa kaka yangu. Alisema, "Dada, benki hawanipi sarafu za kutosha. Nimezipata kwa kupigia watu magoti. Desemba inakuja, Wachagga wote watapanda na magari yao kutoka Dar, na barabara za huko juu unazijua wakati wa matope. Desemba hii nikikuta mashine imekauka, nitatafuta mtu mwingine wa kuilinda, na huyo mtu atahitaji chumba." Hakupandisha sauti hata kidogo. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Nikaanza na tangazo. Nilinunua rangi nyekundu, nikaandika ukutani kwa mkono wangu: CHENJI NI KWA WANAOOSHA TU. Nikasimama kando nikaliangalia, nikaona limekaa sawa.

Kesho yake konda mmoja akaja na viatu vyake mkononi. Akachukua chenji ya elfu tano, akatumbukiza sarafu moja bandani, akaosha viatu, akavivaa vikiwa vinachuruzika na kunipungia mkono. "Nimeosha, mama." Baada yake akaja mwenye duka na ndoo mbili za plastiki. Akaja fundi ujenzi na koleo lake na toroli. Mama wa ndizi akaleta wavu wake wa kuchomea, na lazima niseme uling'aa. Mzee mmoja alivua kofia akaniuliza kama kuosha uso kunahesabiwa. Watu walikuwa wanafurahi kabisa, wanasubiriana, wanaulizana wewe leo unaosha nini. Mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira, na nikikumbuka leo nacheka, lakini siku ile sikucheka. Nilirudi na rangi nikaongeza neno MAGARI. Siku iliyofuata mtu akaleta tairi.

Ndipo nikakumbuka masale.

Kwa asiyetoka kwetu, sale ni mmea wenye majani marefu ya kijani, mwembamba, unaotesha tu kijiti kinashika. Kila kihamba mlimani kimezungushiwa masale. Ndiyo mpaka. Mtu anaweza kuruka ukuta wa matofali, lakini masale hayaruki, kwa sababu aliyeyapanda amezikwa humo ndani na anaangalia. Nikajiambia, nahangaika na rangi na maandishi kumbe watu hawa wana alama yao wanayoiheshimu tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Nilipanda Kibosho siku ya mapumziko, nikaomba vijiti kwenye mpaka wa kaka yangu, nikashuka na kiroba kizima. Nikavipanda kwenye madebe, nikayapanga madebe pande zote za mashine. Nikaacha upenyo mmoja tu, upande wa mabanda, ili mwenye gari apite na mwenye miguu azuiwe.

Yakashika, na kazi yake nikaiona. Makonda walifika, wakaona masale, wakasimama. Mmoja alinyoosha mguu juu ya debe halafu akaurudisha mwenyewe. Mama wa sadaka akaja na wanawe, akatikisa kichwa, akaenda kuhangaika kwingine. Mama wa ndizi aliyatazama siku nzima, na jioni wakati anafunga mzigo wake akaniambia, "Mpaka ni mpaka, mwanangu. Mimi sivuki tena." Na kweli tangu siku hiyo hakuvuka. Mteja akimpa noti kubwa alimwambia asubiri, au aongeze ndizi, au alete kesho. Bosi alipokuja akayaona masale akacheka kwa furaha, akasema mama yake alikuwa nayo getini kwao miaka yote. Wiki tatu mashine haikukauka hata siku moja. Nilianza kufikiria kununua pazia la dirisha.

Sasa sikiliza kosa langu. Sale lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni mpaka, ya pili ni msamaha. Mtu akikukosea, akachuma jani la sale akakuletea kwa mikono miwili, umekwisha. Lazima ulipokee na lazima usamehe. Bibi yangu alisema ukilikataa, ubaya wote uliofanyiwa unahamia kwako na kwa watoto wako. Hilo nalijua tangu nina meno ya utoto. Lakini kichwani mwangu hayo yalikuwa mambo ya wazee na ugomvi wa mashamba, hayakuwa na uhusiano na mashine ya chenji.

Aliyeniumbua alikuwa dada mmoja wa duka la vipodozi. Alifika mchana, akasimama mbele ya masale, akafikiri. Halafu akachuma jani moja, akageuka, akanijia ameinamisha kichwa, amelishika kwa mikono miwili.

"Dada yangu, nakuomba msamaha," akasema.

"Umenikosea nini?"

"Bado. Ndio nakwenda kuvuka sasa hivi."

Nilitaka kumfukuza, mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini jani lilikuwa pale mbele yangu, na mikono yangu ikaenda yenyewe ikalipokea. Akavuka, akalisha mashine elfu kumi, akaondoka na mfuko unalia. Baada ya siku mbili mji wote ulijua. Konda na jani, bodaboda na jani, mama wa sadaka na watoto wanne, kila mtoto na jani lake, na yule mdogo analitafuna. Wengine walitoka Sanya Juu kuuza viazi, wakaelekezwa na wenzao: nenda pale Njoro, chuma jani, mpe yule mama mkali, hana ujanja. Na kweli sikuwa na ujanja. Nilifoka, nilitukana, niliwaonea wivu wenye mioyo migumu, lakini sikukataa jani hata moja. Ndoo yangu ya kufagilia ilijaa misamaha.

Mtu mmoja tu hakuchuma. Mama wa ndizi alikaa kwenye kigoda chake akitazama vituko hivyo kutwa nzima, anageuza ndizi. Aliniambia, "Mwanangu, umeizungushia mashine msamaha, halafu unashangaa watu wanauchuma." Alisema bila kunicheka, na mimi nikamkasirikia hata hivyo.

Masale yalibaki vijiti. Bosi alipouliza yameliwa na nini, nikasema mbuzi. Sijui kwa nini nilisema mbuzi. Njoro ina mbuzi, nadhani ndiyo sababu. Akasema tuweke waya, mimi nikasema ndiyo bosi.

Ikafika Jumamosi moja ya Desemba. Mvua ilinyesha usiku kucha huko juu, na asubuhi magari yakaanza kushuka yana matope mpaka kwenye vioo. Na siku hiyo kulikuwa na harusi. Magari sita ya harusi yaliingia uani saa tatu, na la mbele lilikuwa jeupe, au lingekuwa jeupe. Dereva wake alilisha mashine noti, mashine ikanguruma, ikairudisha. Akajaribu nyingine. Hakuna kitu. Jana yake jioni niliijaza mwenyewe, na asubuhi kabla ya saa mbili nilikuwa nimeshapokea majani kumi na moja, machache ya mwisho yaliyokuwa yamesalia kwenye vile vijiti.

Kamati ya harusi ikaanza kupiga kelele, msimamizi akapiga simu, na sijui alimpigia nani, ila nusu saa baadaye bosi alishuka kwenye gari lake. Alitazama foleni. Akatazama mashine. Akanitazama mimi.

"Nani amezimaliza?" aliuliza.

Niliona chumba changu. Naapa niliona mpaka pazia ambalo sijalinunua. Niliona stoo ya mahindi, na wifi yangu na vikombe vyake. Na mdomo wangu, huu huu unaofoka kila siku hovyo, siku hiyo ukasema kwa utulivu kabisa, "Ni huyu mama wa ndizi. Kila siku anavuka anachukua za biashara yake. Nimemkataza mpaka nimechoka."

Nilijua. Nataka hili liwe wazi, maana watu huwa wanasema walichanganyikiwa. Mimi sikuchanganyikiwa. Nilijua kuwa kati ya watu wote wa Njoro ni yeye peke yake aliyeheshimu ule mpaka, na nikamchagua yeye kwa sababu alikuwa karibu, alikuwa mzee, na hakuwa mtu wa kupiga kelele.

Bosi alikuwa anamwamkia yule mama shikamoo kila akipita getini. Siku hiyo hakumwamkia. Alimwambia tu, mbele ya watu wote wa harusi, kwamba hapo getini si mahali pake tena, abebe vitu vyake. Mama wa ndizi alinitazama. Nilitegemea aseme kitu, na nilikuwa nimeshaandaa la kujibu. Alimwaga majivu mtaroni, akafunga wavu kwenye kanga, akaweka ndizi zisizoiva kichwani, akaondoka mwendo wa pole kwa sababu ya magoti. Watu wa harusi wakatafuta sarafu kwenye mifuko ya mashangazi na wajomba, gari jeupe likaoshwa, na bosi akaniambia, "Pole dada, najua si kosa lako."

Nikabaki na chumba. Jumapili niliamka nikakuta geti halina moshi. Jumatatu vilevile. Wateja waliuliza yule bibi yuko wapi, nikasema sijui. Jumanne nilinunua ndizi sokoni nikajichomea mwenyewe, zikaungua nje na ndani mbichi, nikazitupa. Niliona aibu, sina neno jingine. Niliona aibu hata nikiwa peke yangu nimefunga mlango.

Jumatano niliomba ruhusa nikapanda Kibosho. Kwenye madebe yangu hapakuwa na jani hata moja la kubeba, kwa hiyo nilipita kwa kaka kuchuma kwenye mpaka wake. Wifi akatoka jikoni akaniona na jani mkononi. Aliuliza nimemkosea nani. Nikamwambia. Akanionyesha njia ya mkato inayotokea kwa mama wa ndizi, na hilo namshukuru mpaka leo.

Nilimkuta anamenya ndizi mlangoni. Nikapiga magoti kwenye matope, nikatoa jani kwa mikono miwili, nikasema, "Shikamoo mama. Nilikusingizia, na nilijua kwamba nakusingizia."

Alifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja. Halafu akalipokea. "Marahaba," akasema. "Limepokelewa. Mimi na wewe yamekwisha." Nilianza kuinuka. Akaniambia, "Lakini si mimi ninayejiona mwizi, mwanangu. Anayeniona mwizi ni yule bwana. Yeye umempelekea lake?"

Nikasema akijua ataniondoa.

"Najua," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Nilishuka na jani la pili, nililochuma kwenye mpaka wa kwake kwa ruhusa yake. Ile njia ya kushuka ninaijua tangu utoto, na sijawahi kuiona fupi kama siku ile. Bosi alikuwa dukani kwake mjini, anapima nyaya za mteja. Nikasubiri mteja atoke. Nikampa jani, nikamweleza yote: makonda, sadaka, majani, mbuzi ambao hawakuwepo, na mama wa ndizi ambaye hakuvuka. Alipoliona jani alisimama kwanza, ndipo akalipokea, kwa mikono miwili kama mtu aliyefundishwa na mama yake. Aliliweka juu ya meza, kati ya kikokotoo na kikombe cha chai.

"Nimesamehe," alisema. "Sina namna. Ila chumba kinakwenda na chenji, nilikwambia tangu mwanzo. Na chenji siwezi kukuachia tena."

Nikasema sawa. Nilirudi Njoro nikafunga nguo zangu kwenye begi moja.

Asubuhi yake bosi alipanda mwenyewe Kibosho. Mazungumzo yao sikuyasikia, ninachojua ni walichorudi nacho. Mashine ilizimwa, imesimama mpaka leo, tunaanikia matambara. Chenji inatolewa na mama wa ndizi, kwa mkono, kutoka kwenye mkebe ulio chini ya kigoda chake. Anayeleta gari anapewa, asiye na gari hapewi. Hakuna wa kumletea jani, kwa sababu masale ya pale si yake, na mwenye masale, yaani mimi, amestaafishwa. Mama huyo ndiye aliyemwonyesha bosi kuwa hela ndogo zote za mji zinapanda mlimani kila Jumapili kwenye vikapu vya sadaka. Jumatatu anakwenda na noti za bosi parokiani kwao, wazee wa kanisa wanafurahi kuutua ule mzigo wa sarafu, na yeye anashuka nao chini ya ndizi. Kumbe jibu lilikuwa kwa yule mama wa sadaka aliyesema namzuilia Mungu chenji.

Na chumba akapewa mama wa ndizi, pamoja na ufunguo. Mimi nilikuwa nimesimama pale na begi langu. Akafungua mlango, akachungulia, akasema yeye ana nyumba yake na hapendi kulala mjini. "Chumba nitaweka ndizi. Lakini ndizi zinahitaji mtu wa kuzilinda." Akamgeukia bosi. "Na mabanda yako nani anayafagia?"

Hivyo ndivyo nilivyobaki. Nafagia mabanda, nasafisha mitaro ya matope, na nalala kwenye kile chumba na mikungu minne au mitano inayoivia chini ya kitanda. Kila jioni ananiachia ufunguo, kila asubuhi namrudishia. Yale hajayataja tena hata siku moja.

Jumapili iliyopita nilivaa nguo zangu za kanisani, nikaenda getini na elfu tano. Palikuwa na magari kama saba yanasubiri. Nikamwamkia, nikamwomba anichenjie nipate ya sadaka.

Akaniangalia. "Unaosha nini?"

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaona kuwa yeye hacheki, amefunga mkebe wake na anasubiri jibu. Pembeni yangu madebe yangu yalikuwa pale pale, masale yameota tena, majani mapana, marefu, ya kunyoosha mkono tu. Yeye ni mtu wa mlimani. Nikimpa, atalipokea. Mkono wangu ulifika mpaka kwenye jani, nikalishika, halafu nikaliachia. Langu nilishalitumia. Nikaenda kanisani na noti nzima.